Nyayo Nyepesi

Bwenini, Bagamoyo
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Mjomba Twalib,

Shikamoo. Huku tu wazima. Bibi alikuja siku ya kutembelewa na bagia zake na malalamiko yake. Anasema, "Mwanangu siku hizi ni mnyama wa hifadhi, haonekani bila kiingilio." Mpigie, mjomba. Anacheka lakini ameumia.

Barua hii haipiti kwa matroni. Matroni hufungua kila bahasha, na akikuta karatasi imejaa mabano na nyota atasema ni hirizi. Nimempa Bi Ashatu, yule wa huko Saadani anayeleta samaki wake wa ng'onda jikoni kwetu Jumatano na Jumamosi. Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye malapa. "We mtoto, ng'onda zangu zimekuwa posta?" Akaichukua hivyohivyo.

Flashi yenye programu ya honi yetu ya tembo imo kwenye kipande cha kanga. Sehemu yangu, ile ya lugha ya kompyuta ya C, imekamilika: inasikiliza ardhi, inaandika mtetemo, inaukabidhi kwa sehemu yako ya lugha ya Python ipige honi kama ni tembo. Kile kidude cha kusikilizia nilikichimbia nyuma ya jiko, kina mama wanapotwanga kisamvu. Kila mchi uliposhuka kilisikia. Wametwanga kwa muda wa saa tatu na programu haikufa hata mara moja.

Jambo moja. Najua ulisema kwamba nafasi tunayoazima kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kila mtetemo unapokuja, utairudisha wewe upande wa Python. Ule mstari wako ufute. Nimeuandika wa kwangu kwenye C. Mwalimu wetu anasema mwenye kuandika C afagie mwenyewe, asimwachie mwingine.

Na tafadhali, ukiulizwa nani kaandika, usinitaje. Sema tu "tumeandika".

Mpwa wako,
Biubwa


Saadani
Ijumaa, 13 Septemba 2024

Mpwa wangu Biubwa,

Marahaba, na marahaba tena. Imelia!

Juzi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tembo watatu walikuwa wanavuka njia ya shule pale kwenye bwawa. Wewe unaijua njia hiyo, ulipita na Lulu mwezi wa sita ukaingiwa na mwiba. Honi ikalia hadi muadhini akatoka nje na mswaki mdomoni. Watoto wote wakasimama kwenye baraza ya msikiti wakasubiri. Lulu wangu, miaka saba, anawapanga wenzake kama trafiki: "Honi imesema bado! Wewe, rudi nyuma!" Tembo wakaenda zao. Watoto wakaenda shule.

Kamati ya kijiji wamenishika mkono mmojammoja. Nikawaambia nimekagua kila mstari. Wamempa Mzee Kombo kazi ya kutunza mitambo: kufuta vumbi kwenye sola, kutazama betri, kubonyeza kitufe ikizimika. Unamkumbuka, yule mwembamba anayetembea kama hagusi chini. Amefurahi kama kapewa meli.

Ila nikuambie ukweli. Zamani mtu mzima mmoja alikuwa anawasindikiza watoto kila asubuhi na debe la kupiga. Tangu juzi hakuna anayeamka. Wanasema honi ipo. Kwa hiyo tusicheze.

Mstari wangu nimeufuta kama ulivyosema. Lakini hebu nijibu: huko kwenye C umerudisha kwa mkono wa nani, wa Python au wa C? Nafasi naiomba kwa Python, unakumbuka.

Mjomba wako,
Twalib


Bwenini
Jumatano, 18 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu Lulu. Mwambie trafiki wa kweli huwa na filimbi.

Kuhusu swali lako, nimerudisha kama inavyotakiwa. Usihangaike.

Jana mwalimu aliuliza darasani, kwa Kiingereza, swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo kabla hajamaliza kuuliza. Mkono ukakataa kupanda. Akajibu Rajabu wa mchepuo wa fizikia, tena vibaya, akapigiwa makofi. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Labda kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Biubwa


Saadani
Jumanne, 24 Septemba 2024

Biubwa,

Kuna jambo. Honi inazima. Haijazima mara moja wala mbili, imezima asubuhi nne kati ya sita. Usiku mzima iko macho, tembo wakipita inalia. Kukipambazuka tu, kimya. Haijiwashi mpaka mtu abonyeze kitufe.

Kila ikizima, Mzee Kombo ndiye aliyekuwa karibu, kwa sababu huja mapema kufuta sola. Watu wameshaanza kusema. Kuna simu kumi na tano kijijini zinachajiwa na haijulikani wapi. Mwenyekiti kamuuliza jana mbele yangu, "Mzee, unachomoa honi unachomeka simu za watu?" Mzee akasema, "Mimi simu yenyewe sina." Wakacheka.

Mimi sioni kosa upande wangu. Wewe unaona nini?

Twalib


Bwenini
Jumamosi, 28 Septemba 2024
(Hii sijaituma. Imo ndani ya daftari la jiografia.)

Mjomba,

Leo nimekaa maabara toka saa mbili. Nadhani kosa ni langu.

Uliponiuliza nimerudisha kwa mkono wa nani sikulielewa swali. Huo ndio ukweli, na ni mdogo hadi naona haya kuuandika. Sikujua kama kuna mikono miwili. Nilidhani kumbukumbu ya kompyuta ni ghala moja, ukichukua unarudisha, basi. Ningekuuliza tu, "Mjomba, una maana gani?" Maneno manne. Lakini wewe humwambia kila mtu kwamba mpwa wako ni kichwa, nikaogopa usije ukasema kumbe hajui hata hili. Nikakuandikia kwa kujiamini kama mwalimu mkuu.

Leo nimesoma kwenye kitabu cha maabara kwamba Python ina ghala lake na C ina ghala lake. Wewe uliomba kwa Python. Mimi nimerudisha kwa C.

Lakini sina hakika. Kama ndilo kosa, mbona kwenye kisamvu haikufa? Mbona inalia kwa tembo? Kama ni hili ingekufa kila mara. Kwa hiyo huenda si mimi.

Huenda si mimi.


Bwenini
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeangalia upande wangu, naona uko sawa. Huenda ni betri. Asubuhi inakuwa imechoka, sola bado haijapata jua. Jaribu nyingine.

Namsalimu Lulu.

Biubwa


Saadani
Jumanne, 1 Oktoba 2024

Biubwa,

Betri nimebadilisha. Nimeazima ya Ridhiwani kwenye boti yake, mpya kabisa. Juzi asubuhi honi imezima tena.

Jumapili kulikuwa na kikao. Sikutaka kukuandikia hili lakini huna wa kukuambia isipokuwa mimi. Walisema kama betri ni mpya na programu imekaguliwa, basi aliyebaki ni mtu. Wamemwondoa Mzee Kombo. Hawakumpigia kelele, afadhali wangempigia. Mwenyekiti alisema tu, "Mzee, tupe ufunguo wa kisanduku." Mzee akafungua pindo la shuka, akautoa, akauweka juu ya meza taratibu, akatoka bila kofia yake. Kofia nimempelekea mimi. Mkewe aliipokea mlangoni, hakunikaribisha.

Sasa watoto wakimwona wanaimba, "Babu, nichajie! Babu, asilimia ngapi?" Lulu naye aliimba. Nimemchapa, halafu nikaona aibu, kwa sababu nilimchapa kwa jambo jingine.

Kama una lolote la kuniambia, niambie.

Twalib


Saadani
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Biubwa,

Jana asubuhi tembo walipita njia ya shule, honi haikulia. Lulu hajambo. Nakuandikia mapema usije ukasikia kwa watu wakakuongezea chumvi.

Soma vizuri. Usijali.

Twalib


Bwenini
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikia kwa watu. Bi Ashatu hakuongeza chumvi.

Alinivuta nyuma ya jiko, hata kapu la ng'onda hajalitua. Akasema, "Mjomba wako kakuandikia nini?" Nikamwonyesha. Akaisoma, akasonya. "Hajambo? Mtoto katolewa ndani ya mikoko, tope limemfika hapa." Akajigusa kifuani. "Wenzake walikimbia nyuma, yeye alikuwa mbele, akakimbia mbele. Kakaa mle mpaka saa nne watu wakimwita, haitikii. Tangu Alhamisi hajafungua kinywa. Anakula, anakutazama, hasemi."

Nimemwomba anisubiri hadi adhuhuri. Amekubali, amekaa na kina mama wa jikoni, nami nimekimbilia maabara. Sasa naandika haraka, unisamehe mwandiko.

Kosa ni langu. Nililijua nusu tangu tarehe 28 Septemba. Barua niliiandika siku hiyohiyo nikaificha kwenye daftari, nikakutumia nyingine ya uongo kuhusu betri. Ya daftari naiambatanisha, ya betri unayo, ulinganishe tarehe.

Unakumbuka ile arobaini ya jirani yetu, nilipokuwa na miaka tisa? Vyombo vya shughuli vilikuwa vya nyumba mbili. Vya Bibi vina alama ya rangi nyekundu kitakoni, vya Bi Mina wa nyumba ya pili vina nyeupe. Wewe uliazima vyote kwa Bi Mina. Mimi nilitumwa kurudisha na nikaona aibu kubisha kwa Bi Mina, kwa kuwa alikuwa na wageni, basi nikavipeleka vyote kwa Bibi. Sufuria kubwa mbili Bibi alizipokea bila neno, maana kumbe zilikuwa zake: Bi Mina hana sufuria za watu mia, akiombwa kubwa huenda naye kuazima kwa Bibi. Lakini nilipotoa bakuli dogo lenye alama nyeupe, Bibi akalikataa mbele ya watu wote. "Hiki si changu! Nani kakutuma?" Akafunga mlango wa stoo, na siku hiyo hakuna chombo kilichoingia wala kutoka mpaka ulipokuja wewe.

Ndicho kilichotokea, mjomba, kilekile. Python ni Bi Mina. C ni Bibi. Ukimwomba Python nafasi kubwa, yaani inayozidi baiti mia tano na kumi na mbili, rafu zake hazina, anakwenda kuazima kwa C. Kwa hiyo mimi nikiirudisha moja kwa moja kwa C inapokelewa. Ukimwomba nafasi ndogo anatoa kwenye rafu zake mwenyewe. Nikiirudisha hiyo kwa C, C inaikuta haina alama yake, inaikataa, inafunga mlango. Programu nzima inakufa palepale.

Sasa fikiri ni mtetemo gani unaoomba nafasi kubwa. Mchi wa kisamvu. Tembo. Na mdogo?

Leo nimemwomba mpishi mwanawe wa miaka sita atembee juu ya kile kidude. Amepiga hatua tatu. Programu ikafa. Nimeiwasha, akapita tena, ikafa tena. Mtoto akaniuliza, "Nimeharibu?" Nikamwambia hapana, si wewe.

Mzee Kombo hakuzima kitu. Alikuwa anatembea tu, na ni mwepesi. Na asubuhi asipokuwepo yeye, wa kwanza kupita pale ni Lulu. Nyayo zake zilikuwa zinaiua honi, kisha anaendelea mbele akiamini bado inasikiliza.

Nilikuwa nimejaribu kwa vitu vizito tu. Sikuwaza kwamba njia ile ni ya watoto.

Kwenye flashi kuna marekebisho. Ni mstari mmoja: nafasi inarudishwa kwa mkono wa Python, nilikotakiwa kuirudisha tangu mwanzo. Mtoto wa mpishi amepita mara hamsini na tatu, nikimhonga karanga, na haijafa. Lakini usiniamini. Jaribu mwenyewe. Na mpaka utakapojaribu, tafadhali, mtu mzima awasindikize watoto na debe. Waambie honi ni mbovu. Waambie leo hii, usingoje kikao.

Bi Ashatu anaita.

Biubwa


Saadani
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Barua ilifika Jumamosi jioni. Kabla sijaimaliza nilikwenda kumwamsha Ridhiwani, na tangu Jumatatu yeye na mimi tunawasindikiza watoto na debe. Honi nimeizima. Nimeweka marekebisho yako, nimepita mimi, amepita mbuzi, wamepita kuku wa mke wangu. Haijafa.

Sasa ni zamu yangu, na nakuomba usinikatishe hata moyoni.

Tarehe 23 Septemba nilikaa kwenye kisanduku cha honi tangu saa kumi na moja. Mzee Kombo akaja, akanisalimu, akapita. Honi ikafa nikiiangalia. Kwenye skrini kukaandikwa kwamba kitu kilichorudishwa kina anwani isiyo sahihi. Sihitaji kukueleza maana yake, mimi ndiye niliyekuuliza swali la mikono miwili. Nilijua ni mambo ya kurudisha, na nilijua kwamba mstari wa kurudisha niliufuta mimi kwa neno lako bila kuufungua wako na kuusoma. Nami nilikuwa nimewaambia kamati nimekagua kila mstari.

Nikafuta maandishi yale kwenye skrini. Kesho yake nikakuandikia "mimi sioni kosa upande wangu". Nilitaka useme wewe. Ukisema wewe, mimi ni mjomba niliyepotoshwa na mtoto. Nikingoja useme, Mzee Kombo akaweka ufunguo mezani nami nimekaa kiti cha pili kutoka kwake.

Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Wewe ulikuwa hujui, ukaona haya kuuliza. Mimi nilijua.

Lulu bado hasemi. Anatembea na debe lake mwenyewe, la maziwa ya kopo, hata uani.

Jumapili tarehe 20 kuna kikao. Nitasimama nieleze yangu. Lakini yangu peke yake haimsafishi Mzee. Watasema, "Skrini unaijua wewe, sisi tulimwona yeye." Kinachomsafisha ni barua yako ya tarehe 12, yenye Bi Mina na bakuli dogo na mtoto wa mpishi. Hiyo hata bibi asiyejua kompyuta ataielewa. Nataka kuisoma mbele ya watu.

Naweza kuruka jina lako. Naweza kusema "mwenzangu". Niliahidi kusema "tumeandika". Nijibu kwa Bi Ashatu, na ukisema hapana nitaelewa.

Mjomba wako,
Twalib


Bwenini
Jumatano, 16 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Nilipofika pale unaposema unataka kuisoma mbele ya watu, niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Niliwaona wote: mwenyekiti, muadhini na mswaki wake, mke wa Mzee Kombo. Wananigeukia, ingawa sipo. Mimi ninayeshindwa kunyanyua mkono darasani kwa jibu lililo sahihi, sasa ninyanyue mkono kwa kosa.

Nimerudi nikaisoma tena. Nimefikia pale alipoweka ufunguo mezani.

Isome. Isome yote, na ile ya daftari la jiografia pia, na ile ya betri. Jina langu usiliruke. Taja na la baba, maana Biubwa wako wengi: Biubwa binti Khamis, wa Dunda.

Pale nilipoandika "huenda si mimi" mara mbili, soma mara mbili.

Biubwa


Saadani
Ijumaa, 25 Oktoba 2024

Kwa Biubwa binti Khamis,

Mimi Kombo nasema na mwandishi anaandika. Mwandishi anasema mwandiko wake si mzuri, umvumilie, yuko darasa la pili.

Barua zako zimesomwa. Mjomba wako alisoma amesimama, na ya kwake akasema bila karatasi. Watu hawakucheka. Mwenyekiti kanirudishia ufunguo. Nimeupokea kwa sababu ya watoto, si kwa sababu yake. Watoto wameacha kuimba ule wimbo. Mmoja alianza juzi, mwandishi kamrushia kopo.

Honi hailali. Mjomba wako ameweka taa ya kijani juu ya kisanduku. Honi ikiwa hai, inawaka. Watoto wanatazama taa kwanza ndipo wanapita. Na debe linaendelea, mimi nimesema liendelee, mtu mzima mmoja kila asubuhi. Jumatatu mwandishi alipita juu ya kile kidude mara ya kwanza tangu siku ile. Alisimama hapo. Akapiga mguu mmoja, akatazama taa. Akapiga wa pili. Taa ikawaka vilevile. Akanigeukia akasema, "Babu, inanisikia." Ndilo neno lake la kwanza. Baba yake alikuwa nyuma ya kisanduku, akainama akajifanya anafunga nyaya.

Sasa langu mimi. Nimeishi miaka sabini na moja hapa. Kwa majuma matatu nimeitwa mwizi wa umeme. Mke wangu alikuwa anakwenda kisimani saa ambayo hakuna watu. Hiyo hairudishwi kwa mkono wa Python wala wa C. Sina kinyongo na wewe, na sikwambii hivi ili ulie. Ila barua niliyoisikia ilisomwa na mdomo wa mtu mwingine.

Ukifunga shule Desemba, uje nyumbani kwangu. Useme mwenyewe, kwa sauti yako, mbele ya mke wangu. Hatutakuangalia kama unaona haya. Tutatazama chini.

Kombo

mimi ndimi nimeandika yote. Lulu Twalib. darasa la pili. tope lilikuwa baridi


Bwenini
Jumamosi, 26 Oktoba 2024

Babu Kombo,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Bibi.

Nitakuja. Msitazame chini.

Biubwa binti Khamis